Sura Hapana

Nina picha kumi na moja za kinu cha dada yangu. Kinu kimesimama, kinu kimelala, kinu na jua la upande mmoja, kinu na kuku aliyepanda ukingoni. Picha ya dada yangu mwenyewe sina. Nalisema hilo mwanzoni kabisa, ili msomaji asije akaanza kunionea huruma kabla hajajua nilichofanya.

Hapa Kasongo tulikuwa na kikundi cha watu watano waliopenda picha. Hakuna aliyekuwa akila kwa picha. Kiongozi wetu alikuwa mwenye duka la vitenge karibu na msikiti, mtu wa familia za zamani za mji huu, anayeongea polepole na kukunja kitambaa mara moja tu bila kukirudia. Alikuwepo muuguzi, mwanamke mcheshi ambaye hakupenda kupangwa. Alikuwepo motari, yaani mwendesha pikipiki ya abiria, na karani mmoja ambaye baadaye alihamishwa. Wa tano nilikuwa mimi, mwalimu wa darasa la tano, mwenye maneno mengi kuliko wote.

Hatukuwa na vyombo vya maana. Tulikuwa na simu, mbili kati ya hizo zimepasuka kioo. Kila Jumapili mchana tulitoka. Mara tulikwenda sokoni wakati wachuuzi wanafunga, mara kwenye matofali yanayochomwa, mara kwenye barabara ya misheni ambako baiskeli zimebebeshwa mihogo mpaka huoni anayesukuma. Mara moja moja tulifika Nyangwe, tukakaa kando ya mto Lualaba, tukapiga picha mitumbwi, nyavu zilizoanikwa, samaki waliopangwa juu ya majani. Jioni tulipanda hadi kwenye ukuta wa hospitali ambako rezo, yaani mtandao wa simu, inapatikana, kila mtu anatuma picha moja tu kwenye kikundi chetu cha simu. Iliyopendwa zaidi ilikuwa inakaa juu ya kikundi wiki nzima, kama nembo. Tulikuwa na jamaa zetu Kindu na Kinshasa humo ndani, na wengine walioko ng'ambo, nao walikuwa wakituandikia kwamba hawakujua kwetu kuna uzuri wa namna hiyo. Sisi tulioamka kwetu kila siku tulivimba vichwa.

Tulikuwa na sheria moja. Aliyeileta ni motari, na hata leo siwezi kumlaumu. Alikuwa amempeleka abiria kwenye ofisi moja ya watu wa misaada, akaambiwa asubiri ndani kwa sababu ya mvua. Ukutani kulikuwa na kalenda. Kwenye kalenda alimwona mama yake. Ilikuwa ni picha ya wakati ule walipokimbia vita upande wa Kabambare: mama amekumbatia kopo la mafuta, midomo imekauka, kitenge kimeteleza begani. Motari alimwomba mlinzi ampe ile karatasi. Mlinzi alikataa, akamwambia mwezi haujaisha.

Alitusimulia hayo Nyangwe, tukiwa tunakula samaki wa kukaanga, na hakuna aliyeendelea kula. Motari hakulia. Alikuwa anatoa miiba mdomoni na kuipanga kwenye jani, mmoja mmoja. Mwenye duka ndiye aliyesema:

"Basi sisi, sura hapana."

Tukakubaliana papo hapo. Mkono ruhusa. Mgongo ruhusa, kivuli ruhusa, nyayo kwenye matope ruhusa. Sura hapana. Watu wetu walikuwa wamepigwa vya kutosha na kila aliyepita na gari jeupe; sisi hatungekuwa wa kuwaongezea. Nakumbuka nilijisikia mtu safi sana jioni ile. Ni hisia ninayoiogopa siku hizi.

Kati yetu wote mimi ndiye niliyekuwa mkali. Sheria iliyotoka kwenye uchungu wa motari, mimi niliifanya kuwa somo la darasani. Mara moja muuguzi alileta picha ya bibi mmoja muuza mawese, anacheka huku ameshika faneli, meno yote nje. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote za mwaka ule. Nilimwambia aifute. Alinitazama akaniuliza bibi anayecheka amekosewa nini. Nilimjibu kwamba sheria ni sheria, na akaifuta mbele yangu kwa kidole gumba. Yule bibi alihama soko baadaye. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kumpiga.

Sasa nije kwa dada yangu.

Kwetu ni Kabambare, nje kidogo ya mji, upande wa mashamba. Wazazi walikufa nikiwa mdogo, na dada yangu, aliyenizidi miaka kumi na sita, akanichukua pamoja na watoto wake. Nilimwita Yaya, kama kwetu tunavyomwita dada mkubwa. Yeye aliniita mudogo, hata nilipokuwa na ndevu nyeupe mbili tatu. Alilima mihogo na karanga, akanisomesha mpaka nikawa mwalimu, na hakuwahi kunikumbusha. Alikuwa na pengo la jino moja la mbele, alikuwa anaongea Kibangubangu na kuku na Kiswahili na watu, na alikuwa na tabia ya kunyamaza anapojua kwamba unadanganya. Hilo la mwisho nilisahau, au nilijifanya kusahau.

Mume wake alipokufa, kulitokea jambo lililomuuma kuliko kifo chenyewe. Kwetu, kwenye kilio, kiti alichokuwa anakalia marehemu kinawekwa karibu na kichwa cha jeneza, na juu ya kiti inawekwa picha yake ndani ya kadre, ile fremu ya kioo inayouzwa sokoni. Wanaofika wanasalimia kwanza kiti, ndipo wanasalimia wafiwa. Shemeji yangu hakuwa na picha. Basi walikunja shati lake wakaliweka kwenye kiti. Siku mbili nzima watu waliinama na kusalimia shati. Yaya alisimulia jambo hilo kwa miaka, na kila mara alimaliza kwa kusema kwamba yeye hataki kuwa nguo.

Likizo moja ya kiangazi nilipanda pikipiki ya yule motari wetu nikaenda kumtembelea. Nilikuwa nimechaji simu vizuri na nilikuwa na njaa ya picha. Kikundi kilikuwa kimeniambia nilete Kabambare. Nilipiga kinu kile mara kumi na moja. Nilipiga jembe, ghala, mlango wa jiko, moshi unaotoka kwenye nyasi za paa. Kisha Yaya akaketi kuchambua sombe, yale majani ya mihogo, na mwanga wa asubuhi ukaingia kati ya vidole vyake, majani yakawa ya kijani cha ajabu, na kucha zake zenye udongo zikaonekana kila mstari. Nikasogea mpaka karibu kabisa. Simu ikalia kacha.

Yaya aliupenda mlio ule. Alisema unafanana na kufuli inayofungwa vizuri. Kila nilipopiga alikuwa anaurudia mdomoni, kacha, na kucheka pengo likionekana. Nikamwonyesha picha ya mikono yake. Aliishika simu mbali na macho kama watu wasiosoma sana wanavyoshika karatasi, akaigeuza huku na huku, akatafuta pembeni.

"Mudogo, na kichwa yangu iko wapi?"

Nilimweleza sheria. Nilimweleza kwa kirefu, kama mwalimu: watu wa misaada, kalenda, heshima, uzuri wa kuonyesha kazi ya mtu bila kumuuza. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Sawa. Hii ilikuwa yako. Sasa piga yangu. Sitaki siku ile waweke kiti mutupu."

Akaingia ndani. Alikaa muda, nikasikia sanduku likifunguliwa. Alitoka na kitenge cha bluu chenye ndege wa njano, kile cha Pasaka, na kitambaa cheupe kichwani. Akasimama mlangoni, mikono imenyooka pembeni, kidevu juu, macho wazi kabisa bila kupepesa, kama alivyoona watu wakisimama mbele ya shuka jekundu la mpiga picha wa soko la Kasongo alipokuja kwangu. Sisi wa kikundi tulikuwa tunamcheka mpiga picha huyo. Tulisema anapiga maiti wanaosimama.

Niliinua simu. Kioo kikaniandikia kwamba nafasi imejaa, nifute kitu kwanza.

Naomba msomaji anielewe vizuri hapo. Nilikuwa na vinu kumi na moja. Kufuta kinu kimoja kunachukua muda wa kupiga chafya. Lakini nilikuwa bado sijachagua kipi ni bora, na jua lilikuwa linapanda, na mimi nilikuwa nataka kuwahi kwenye kijito, ambacho nafasi yake ningeitafuta nikifika, kabla mwanga haujawa mkali. Zaidi ya hayo, na hili ndilo linaloniaibisha, niliona picha yenyewe haina maana. Mama wa kijijini amesimama wima mlangoni. Nani angeipenda?

Nikagusa kioo kwa kidole mahali patupu. Nikasema:

"Imetoka, Yaya."

Alibaki amesimama kidogo, kama mtu anayesubiri jambo jingine. Kisha akashusha kidevu, akasema asante, akaingia ndani kuvua kitenge.

Picha ya mikono ilikaa juu ya kikundi zaidi ya mwezi. Jambo hilo halikuwahi kutokea kabla. Mtu mmoja aliyeko ng'ambo aliandika kwamba ameona mikono ya mama zetu wote. Muuguzi peke yake aliniuliza kama mwenye mikono anajua kwamba watu wengi hivyo wanamwangalia, nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba ni dada yangu.

Baada ya hapo Yaya alianza kuulizia foto yake. Hakunisumbua, aliuliza mara moja kila tulipoongea kwa simu, mwishoni, baada ya salamu za watoto na mvua na mihogo. Foto yangu iko wapi? Nilimwambia mashine ya kutolea picha hapa Kasongo imeharibika. Mara nyingine nikamwambia karatasi zimekwisha, zinasubiriwa kutoka Kindu. Alikuwa anajibu, "Basi nitangojea," na kunitakia kazi njema. Miaka miwili alingojea. Katika miaka hiyo nilikwenda kwake mara tatu, na kila mara nilikuwa na simu mfukoni.

Utaniuliza kwa nini nisimpige kweli na kumaliza maneno. Nimejiuliza kuliko utakavyouliza wewe. Kumpiga upya kungekuwa kukiri kwamba ile ya kwanza haikuwepo. Mwalimu mzima, mtu wa sheria na heshima, amdanganye dada yake kwa kidole. Nikawa nawaza kwamba nitamvizia siku moja anapoongea na majirani, nimpige bila yeye kujua, niseme ndiyo ile. Lakini alikuwa amewaeleza watu wote kitenge gani alivaa siku ile. Ndege wa njano, kitambaa cheupe. Uwongo wangu mdogo alikuwa ameuvalisha mpaka ukawa hauwezi kubadilishwa nguo. Kwa hiyo nikaahirisha, nikaahirisha tena, nikapiga kijito, nikapiga daraja, nikapiga ukungu.

Mwanzoni mwa mvua za mwaka huu mpwa wangu, binti yake mkubwa, alinipigia asubuhi nikiwa najiandaa kwenda shule. Alisema mama yake alishikwa na homa siku tatu, wakampeleka kwenye kituo cha afya, na alfajiri hiyo amekufa. Niliketi kitandani na kiatu kimoja mguuni. Mpwa wangu hakuwa analia tena, alikuwa ameshamaliza, alikuwa kwenye ile hatua ya kupanga mambo.

"Mjomba, tutamuzika kesho. Kuja na foto. Kadre niko nayo tangu zamani, nilishauza kuku nikaipata mu soko."

Nikasema sawa. Neno hilo lilitoka lenyewe.

Kikundi kilipata habari kabla sijavaa kiatu cha pili. Mwenye duka alifunga duka, akaja kunipa pole, na walipoondoka kwangu yeye na muuguzi walikwenda kwa yule yule mpiga picha wa shuka jekundu, mwenye mashine ya kutolea picha, ambayo haikuwa imeharibika hata siku moja. Walimpa picha ya mikono akaitoa kubwa, wakaiweka ndani ya bahasha ngumu, wakaniletea. Walitaka kunifanyia jambo jema. Muuguzi aliniuliza kama sura ninayo, kwa ajili ya kiti, ili waitoe pia. Nilimjibu kwamba ninayo tayari. Niliendelea kudanganya hata pale ambapo hapakuwa na sababu.

Motari alinipeleka bila kunitajia nauli. Njia ya Kabambare wakati wa mvua si njia, ni kazi. Tulisukuma, tulianguka mara mbili, bahasha nikaishika kifuani chini ya koti. Katikati ya safari tulifika kwenye daraja la magogo lililobomoka upande mmoja, maji mekundu yanapita chini, na ukungu umekaa juu ya miti. Motari alisimamisha pikipiki, akaniomba radhi, akatoa simu. Alisema mwanga huu haurudi. Nami, niliyekuwa nakwenda kumzika mtu aliyenilea, nilimwambia ashuke chini kidogo ili magogo yaingie yote. Niliyasema hayo kwa mdomo wangu. Aliposhuka nilisikia kacha ya simu yake.

Njia iliyobaki nilikuwa naomba. Niliomba niwe nimesahau tu, kwamba mahali fulani ndani ya simu ipo. Tulipopumzika nilipekua simu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nilimkuta Yaya vipande vipande. Kiwiko nyuma ya kinu. Upindo wa kitenge cha kazini pembeni mwa ghala. Kivuli chake kwenye udongo, kirefu, kimeshika ungo. Katika picha moja ya jiko kulikuwa na kisigino chake kinaondoka. Nilikuwa nimekisifu kisigino hicho kwenye kikundi.

Tulifika jua likiwa bado juu. Jeneza lilikuwa uani chini ya turubai, wanawake wameketi mkekani. Kiti cha Yaya, kile cha mbao chenye mguu uliofungwa waya, kilikuwa karibu na kichwa cha jeneza, kimefunikwa kitambaa cheupe. Juu yake kulikuwa na kadre. Mpwa wangu alikuwa ameshaisafisha kioo. Ndani hapakuwa na kitu, ila karatasi ya kahawia ya nyuma. Watu walikuwa wamekaa wakikiangalia kiti hicho, na nilipotokea wote wakaniangalia mimi, halafu wakaangalia bahasha.

Mpwa wangu alinichukua mpaka ndani ya nyumba. Nikampa bahasha. Akaifungua taratibu, akatoa ile karatasi kubwa. Aliitazama muda mrefu.

"Hii ni mikono," akasema.

Nikaanza. Nilisema simu ilianguka kwenye maji, kwamba ile picha ilikuwa kwenye simu ya zamani, kwamba fundi wa Kasongo alijaribu. Nilisema hii nayo ni nzuri, watu wa ng'ambo waliipenda. Niliongea mpaka nikasikia sauti yangu ya darasani. Hakunikatiza. Alinyamaza vile vile kama mama yake alivyokuwa ananyamaza, na nilipomaliza akaiweka picha juu ya kitanda, kifudifudi.

"Mjomba, mama alijua."

Nikamuuliza alijua nini.

"Wakati ulipiga mikono, simu ililia. Wakati ulipiga yeye, haikulia. Alituambia ile ile siku. Akasema, mudogo wangu hajanipiga, lakini atanipiga, iko na haya tu."

Nilisema sasa kwa nini alikuwa anaulizia kila mara, kama alijua.

"Alikuwa anakukumbusha. Alisema, nikimuambia, atasikia mubaya. Nikimuuliza, kuko siku ataona."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira. Alifungua sanduku la mama yake, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani ya kitambaa kulikuwa na karte ya kupigia kura. Kila mtu wa nchi hii anazijua karte hizo: zinatoka nyeusi na nyeupe, na jasho na miaka vinazila. Jina lilikuwa linasomeka bado. Mahali pa sura palikuwa na kijivu, na ndani ya kijivu kulikuwa na kijivu kingine, cha kichwa na mabega. Macho hayakuwepo. Mdomo haukuwepo. Nilimwambia mpwa wangu kwamba haionekani, labda bora tuweke mikono.

"Hapana. Hii alienda mwenyewe, akapanga mustari, wakamupiga. Iko na kichwa."

Akatoka nayo. Aliibandika katikati ya karatasi ya kahawia, akafunga kioo. Kadre ilikuwa kubwa na karte ilikuwa ndogo kama kiganja cha mtoto. Watu waliokuja kusalimia kiti waliinama sana, wengine wakapiga magoti kabisa, wakasogeza macho mpaka pumzi zao zikafanya ukungu kwenye kioo. Walikuwa wanamtafuta. Mzee mmoja, jirani yake wa shamba, alitafuta muda mrefu, kisha akainuka akaniuliza mimi, si mpwa wangu, kama ile foto ya ndege wa njano imekawia njiani. Nikamwambia ndiyo, imekawia.

Tulimzika kwenye kitenge kile cha ndege wa njano. Angalau kitenge hakikudanganywa.

Nilirudi Kasongo siku ya nne. Kikundi kilikuwa kimeweka picha ya mikono juu, kwa heshima, na chini yake watu walikuwa wameandika pole za kila lugha. Wengi walisema mama huyo hatasahaulika. Hawakuwahi kumwona. Nilimwomba mwenye duka aiondoe, akashangaa, akasema ndiyo kazi bora tuliyowahi kufanya. Nilimwambia kwamba sheria yetu ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaopigwa bila kuulizwa, na mimi niliitumia kwa mtu aliyeomba. Alikunja kitambaa alichokuwa nacho, akakikunjua, akakikunja tena, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake. Motari alikuwepo. Alisema yeye bado hataki sura, na ana haki. Muuguzi alisema yule bibi wa mawese alikuwa anacheka. Hatukugombana. Jumapili iliyofuata walikwenda Nyangwe, mimi nikabaki nasahihisha madaftari, na tangu hapo nimekuwa nabaki.

Mpwa wangu hupiga simu mara moja moja. Anauliza habari za watoto, mvua, mihogo, kisha anaaga. Haulizi foto. Mwisho wa mazungumzo mimi bado nangoja swali, naye anakata.

Lakini kinachonitesa si kiti, wala kadre. Ni zile mara tatu nilizokwenda kumtembelea baada ya uwongo wangu. Kila mara, nikiwa nimechuchumaa uani na simu yangu, Yaya aliingia ndani, nikasikia sanduku, akatoka na kitenge cha bluu chenye ndege wa njano na kitambaa cheupe. Nilidhani anajipamba kwa ajili ya mgeni. Alikuwa anakuja kusimama pale pale mlangoni, mikono imenyooka, kidevu juu, kimya, bila kuniuliza kitu. Na mimi, mara zote tatu, nilimwambia:

"Yaya, sogea kidogo, unanifungia mwangaza."

Naye alisogea.